Wanafunzi mnaoshika zamu maabara ya kompyuta, njooni tuzungumze kazi hii ilivyo

Mshika Funguo (mleta uzi)

Habari za wakati huu wanajamvi.

Nimeshika zamu kwenye maabara ya kompyuta ya chuo miaka mitatu nikiwa mwanafunzi, na siku hizi mimi ndiye ninayewapokea wapya na kuwaonyesha kazi. Kila mwaka wa masomo ukianza naulizwa swali lile lile: hivi mtu ukiwa zamu unafanya nini hasa, si unakaa tu pale mezani? Nimeona niandike kwa urefu, na wenzangu mlioifanya mwongeze.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mwezi wa pili kazini, usiku, wiki ya mwisho ya kukusanya ripoti za utafiti. Akaja dada mmoja wa mwaka wa tatu na flashi mkononi, akasema haifunguki. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilitaka aone kwamba najua. Nikamwambia, "Hebu sogea," nikakaa kwenye kiti chake, nikashika kipanya. Skrini ikaleta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Nikabofya kukubali bila kusoma. Sekunde chache tu, flashi ikafunguka, tupu kabisa. Ripoti yake yote ilikuwa humo, sura nne. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akawa anaitazama skrini, halafu akaniuliza taratibu, "Ziko wapi?"

Bahati yetu fundi wa maabara alikuwa hajaondoka. Alikuja, akaichomoa ile flashi, akasema hakuna kuandika chochote humo. Akatueleza kwamba kufomati kwa haraka hakuifuti data yenyewe. Kinachofutika ni ile orodha inayoonyesha faili lipi limekaa wapi, na data inabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Akaendesha programu ya kurejesha mafaili, na kila lililopatikana akalihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye flashi ile ile. Hadi saa saba usiku tulikuwa na sura tatu kamili na nusu ya nne. Majedwali yake mengi hayakurudi. Aliyapanga upya kwa siku mbili, na mimi nilikaa naye siku zote mbili.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia mpya yeyote ni hili: usishike kipanya cha mtu. Simama pembeni yake, umwelekeze kwa mdomo, mkono wake ndio ubofye. Mtu anayebofya mwenyewe husoma ujumbe kabla ya kukubali, kwa sababu kilichomo ni mali yake na anaiogopea. Tena kesho tatizo likirudi atalitatua bila kukusubiri. Na ujumbe wa kufomati ukitokea, jibu ni hapana, halafu mwite anayejua kurejesha mafaili.

Sasa kazi yenyewe. Fika robo saa kabla ya kufungua. Washa mashine zote, hata zile za kona ambazo hazipendwi, maana ndizo zinazoharibika bila mtu kujua. Angalia tarehe na saa ya kila mashine. Saa ikiwa imepotoka sana, kivinjari kitakataa kufungua tovuti salama na watu watadhani intaneti imekatika. Mashine moja ikikosa mtandao wakati nyingine zinao, tazama anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake haikupata anwani kutoka kwenye mtandao na imejipa yenyewe. Mara nyingi ni kebo imelegea nyuma, mtu ameipiga teke. Ibonyeze mpaka usikie imelia kwenye tundu lake.

Pita nyuma ya mashine kwa macho. Kuna vifaa vidogo, ukubwa wa kidole gumba, huchomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, na kazi yake ni kurekodi kila herufi inayoandikwa. Ukiona kitu ambacho hukukiona jana, usikichomoe kimyakimya ukakitia mfukoni. Izuie mashine hiyo isitumike, kipige picha palepale kilipo, umwite mkuu wa maabara.

Printa ina mambo yake. Karatasi ikikwama, ivute polepole kwa mikono miwili, kuelekea kule inakokwenda yenyewe wakati wa kuchapa. Ukiivuta kinyume unaweza kuacha kipande ndani na kuumiza roli. Printa ya leza ina sehemu inayoyeyusha wino wa unga kwenye karatasi, na joto lake hupanda hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo iache ipoe kabla ya kuingiza vidole. Unga huo, ndio tona, ukimwagika futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Maji ya moto huugandisha.

Halafu lipo hili ambalo limewaliza wanafunzi wengi kuliko virusi. Maabara nyingi zimewekewa programu inayorudisha kompyuta kwenye hali yake ya mwanzo kila inapowashwa upya. Ni jambo zuri, mashine inabaki safi. Lakini mtu akihifadhi kazi yake kwenye eneo-kazi (desktop) la mashine hiyo akaondoka, akirudi kesho haipo, na haitapatikana. Bandikeni tangazo, sawa, ila tangazo watu hawalisomi. Mwambie kwa mdomo kila unayemwona ni mgeni: hifadhi kwenye flashi au kwenye akaunti yako ya mtandaoni, usiache kitu hapa. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu akikujia analia kwamba Word imejifunga kabla hajahifadhi, usikimbilie kuzima na kuwasha. Word kwa kawaida hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Ifungue tena, mwonyeshe pa kutafuta hati ambazo hazikuhifadhiwa. Ukizima kwanza, hata nakala hiyo umeipoteza kwa mkono wako.

Nimeongea vya mashine, lakini kilicho kigumu ni mwenendo wako wewe. Una ufunguo wa mlango na paswedi ya msimamizi, na wote unaowahudumia ni wanafunzi kama wewe: rafiki zako, unaokaa nao darasani, uliyegombana naye mwezi jana, unayempenda. Utakuta barua pepe ya mtu imeachwa wazi. Toka kwenye akaunti hiyo bila kusoma hata kichwa cha ujumbe. Utaona alama za mtu, barua ya hospitali, ombi la kuahirisha mwaka. Ukitoka mlangoni, hukuona. Sijui namna ya kulisema hili kwa uzito unaolistahili. Mtu anayeijua siri ya mwenzake kwa sababu tu alishika zamu, kisha akaitaja kwa mtu mmoja tu, amewafunga mdomo wote waliokuwa wanaiamini ile meza.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Kebo ya Bluu

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye kipanya sikubaliani nawe moja kwa moja. Mimi nimeshika zamu za asubuhi, wakati darasa la mwaka wa kwanza linaingia lote kwa mpigo. Watu thelathini, nusu hawajawahi kuingia kwenye akaunti za chuo, mhadhiri amesimama anasubiri aanze. Nikianza kumwelekeza kila mmoja kwa mdomo, kipindi kinaisha. Pale nashika kibodi, namaliza, naenda kwa mwingine. Kuna wakati haraka ndiyo huduma.

Upande wa flashi naongeza kimoja. Kile kirusi kinachoficha mafolda na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale bado kipo. Mtu anafungua flashi anaona vimshale tu, anadhani kazi imekwenda. Haijakwenda, imefichwa. Skani flashi kwanza kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ila badala ya E weka herufi ya flashi yako. Mafolda yanarudi kuonekana. Msibofye kile kimshale, ndicho kinachobeba ugonjwa.

Mshika Funguo

Mkuu Kebo, shukrani kwa hiyo amri, watu wengi itawafaa.

Kuhusu darasa zima kuingia kwa mpigo, nakuelewa, nami nimepitia. Tulichofanya sisi ni kuwatafuta watano waliokwisha kuingia na kuwaomba kila mmoja awasaidie walio mstari wake. Kwa dakika chache chumba kizima kilikuwa ndani. Kuingia kwenye akaunti, basi, nakuachia. Lakini palipo na faili la mtu, pa kufuta, kufomati, kubadilisha jina au kutuma, sitashika. Na paswedi yake aandike mwenyewe, mimi nageuza uso ukutani, aone kabisa kwamba nimegeuka.

Nukta Pacha

Mimi si mhudumu, ni mtumiaji tu wa maabara, na nimefurahi kuona uzi huu kwa sababu nina jambo limenikaa.

Kwenye maabara yetu kuna rejista mezani: jina, namba ya usajili, namba ya simu, saa ya kuingia na ya kutoka. Nilijaza kama kila mtu. Usiku ule ule nikapata ujumbe kutoka namba nisiyoijua, "Leo ulipendeza." Nikauliza nani, akajibu kwamba ni yule wa maabara. Sikujibu tena. Aliendelea wiki mbili. Nilipokuwa na kazi ya kuchapa nikawa nachungulia kwanza kama ni zamu yake, nikimkuta narudi. Kazi moja niliikusanya imechelewa nikakatwa alama, na sikumwambia mhadhiri sababu kwa kuwa niliona aibu.

Ninachouliza ni hiki: namba ya simu ya kazi gani? Na ningemwambia nani, ikiwa mtu wa kupokea malalamiko pale mezani ndiye huyo huyo?

Mshika Funguo

Dada, pole sana. Na asante kwa kuliandika, najua si jepesi.

Namba ya simu haina kazi yoyote pale. Sisi tuliifuta safu hiyo kwenye rejista. Kinachohitajika ni kujua nani alikuwa mashine ipi na saa ngapi, ili kikitokea kitu kifuatiliwe, na hilo namba ya usajili inatosha. Tena rejista isilale wazi mezani kila anayekuja akasoma waliomtangulia. Ukurasa ukijaa unakunjwa na kufungiwa kwenye kabati.

Alichokufanyia huyo kijana hakiitwi kutongoza. Alichukua taarifa uliyoikabidhi kwa chuo akaifanya yake. Kwangu mimi hilo ni kosa la kuondolewa kazini siku hiyo hiyo, na nilishamwondoa mmoja kwa sababu hiyo, kijana hodari kuliko wote wa kutengeneza mashine. Sikusita.

Kuhusu pa kupeleka malalamiko: hifadhi ule ujumbe, usiufute, piga picha skrini ionekane namba na tarehe. Peleka kwa maandishi kwa mkuu wa maabara ambaye ni mwajiriwa, si mwanafunzi, na nakala kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ukiona vigumu kwenda peke yako, nenda na mtu unayemwamini. Na ninyi mnaosimamia maabara, bandikeni mlangoni jina la cheo na anwani ya barua pepe ya mtu wa juu ambaye hakai pale mezani. Kwetu halikuwepo hadi mwaka jana, na hapo tulikosea.

Sauti ya Skrini

Nami niongezee kutoka kwenye kiti changu. Sioni. Natumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni, akishirikiana na James Teh. Mhula uliopita niliingia maabara nikakuta imeondolewa kwenye mashine zote. Nilipouliza, mhudumu akasema, "Ile programu inayopiga kelele? Tuliifuta, ilikuwa inasumbua watu."

Hakuwa na ubaya, nilimsikia kwenye sauti kwamba hakujua. Lakini siku hiyo nilikaa mbele ya kompyuta isiyosema nami nusu saa nzima, wakati wenzangu wanaandika.

Wahudumu naomba mjue machache. NVDA ikiwepo huwashwa kwa Ctrl, Alt na N kwa pamoja. Isipokuwepo, Windows yenyewe ina msomaji wake, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na Enter. NVDA pia ina toleo linaloendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusanikishwa, kwa hiyo mkiona mtu kama mimi anachomeka flashi na kuendesha programu, msidhani anavunja kanuni. Wekeni spika za masikioni mbili mezani za kuazimisha, hizo kelele zitakwisha.

Ukinisogelea, taja jina lako na useme wewe ndiye uko zamu. Usinishike mkono kuupeleka kwenye kibodi. Na usiniambie "bofya hapo", niambie jina la kitufe.

Mshika Funguo

Nimesoma mara mbili. Jumatatu nakagua mashine zetu zote kama NVDA ipo, na hayo ya mwisho nayaingiza kwenye mafunzo ya wapya kwa maneno yako, kama utaniruhusu.

Sauti ya Skrini

Ruhusa unayo.

Zamu ya Usiku

Mimi nashika saa mbili usiku hadi saa sita. Naomba tuseme ukweli kuhusu kusoma ukiwa zamu. Malipo ni madogo, wengi tumeikubali kazi hii kwa sababu usiku kunakuwa na utulivu na tunapata muda wa kufanya kazi zetu. Mkituambia tusisome kabisa, mtabaki bila watu.

Halafu nina kitu kinaniumiza. Mwenzangu wa zamu ameweka programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, yaani inayozifanyisha kompyuta hesabu nzito ili mwenyewe apate pesa za mtandaoni, kwenye mashine sita za mstari wa nyuma, kwa paswedi ya msimamizi. Usiku feni zinavuma kama kuna upepo humo ndani. Ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja. Anasema mashine zingelala bure tu. Sijui nifanye nini.

Mshika Funguo

La kusoma kwanza, ni jepesi. Soma. Mimi nilisoma zamu nzima miaka mitatu. Ila usivae spika za masikioni, usikae umegeuzia chumba mgongo, na kila nusu saa simama uzunguke, kwa sababu mwenye shida mara nyingi ni mwenye aibu, hatakuja mezani. Utamwona tu ameacha kuandika.

La pili. Ndugu yangu, mashine hazilali bure. Zinakula umeme wa chuo, zinachemka usiku kucha kwenye chumba ambacho huenda hakina mtu, na mtu akiingia saa tatu kufanya uchambuzi wa data yake ataikuta mashine inakokota miguu. Na ile paswedi mlipewa wawili. Siku ikijulikana, hakuna njia ya kuonyesha kwamba si wewe.

Zungumza naye leo, chumbani, si maabara. Mpe muda hadi kesho jioni aziondoe na aende mwenyewe kumweleza mkuu. Akienda mwenyewe, huenda akapewa onyo. Asipoenda, nenda wewe. Najua ninachokuomba ni kizito, mtaamka asubuhi mnaangaliana chumba kimoja. Sina njia nyepesi zaidi ya hiyo ya kukupa.

Mzee wa Seva

Vijana, nimekuwa kwenye vyumba vya seva muda mrefu, niweke neno juu ya hilo la mwisho.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa shahada ya juu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachia programu kwenye mtandao kupitia kompyuta ya MIT, chuo kingine cha huko huko Marekani. Yeye alisema hakukusudia kuharibu. Kulikuwa na kosa kwenye namna ilivyojinakili: ilirudi kwenye mashine ile ile tena na tena mpaka mashine ikashindwa kufanya kazi. Makadirio yaliyotajwa sana ni kompyuta 6,000, wakati mtandao wote ulikuwa na kama 60,000. Mwaka 1990 alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Kijana mwenye akili sana, baadaye akawa profesa MIT palepale. Naitaja kwa sababu "najaribu tu" ndiyo sentensi niliyoisikia kwa kila mwanafunzi niliyemkuta na kitu kisichotakiwa kwenye mashine.

Lakini nisiwatishe tu. Mwaka 1964 chuo cha Dartmouth Marekani kiliamua kwamba kila mwanafunzi, hata wa historia, aweze kutumia kompyuta. Walimu wawili, Kemeny na Kurtz, ndio waliobuni lugha ya BASIC kwa ajili hiyo, na programu ya kwanza iliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei. Na ule mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, sehemu kubwa yake iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Walikabidhiwa mtambo wa gharama kubwa sana wakauweza. Mimi naona ninyi ni wa ukoo huo.

Jingine dogo. Masasisho ya Windows yakija msiyaahirishe kila siku kwa sababu foleni ni ndefu. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya watu dunia nzima, Microsoft, wenye Windows, walikuwa wameshatoa tangu Machi kiraka cha kuziba tundu iliyopitia. Pangeni usiku mmoja wa wiki, fanyeni.

Mgeni Kazini

Wakuu, naanza zamu yangu ya kwanza Jumatatu na nimesoma uzi wote. Nina maswali matatu. Mtu akinipa kazi yake ya programu aliyopewa na mhadhiri, anasema haiendi, nimsaidie hadi wapi? Kurasa zilizosahaulika kwenye printa nizifanyeje? Na la tatu, muda wa kufunga ukifika na mtu bado anaandika, natakiwa nizime tu?

Kebo ya Bluu

La kwanza naweza kujibu. Kama kompyuta haiendeshi msimbo wake kwa sababu programu haikusanikishwa vizuri, hilo ni lako, litatue. Kama msimbo wenyewe una kosa, msomee naye ule ujumbe wa kosa, mwonyeshe umetaja mstari wa ngapi, umwache. Usiandike hata mstari mmoja. Mimi niliwahi "kumsaidia" mmoja, akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine. Mhadhiri akapata kazi kumi na moja zenye kosa moja la tahajia, na tahajia ile ilikuwa yangu. Niliitwa ofisini. Sitasahau.

Ripoti ni vivyo hivyo: kuweka namba za kurasa, kutenganisha sehemu ili namba zianze upya, kutengeneza orodha ya yaliyomo, hayo mfundishe bila wasiwasi. Sentensi zake usiziguse.

Zamu ya Usiku

Narudi kidogo. Nimezungumza naye. Alikasirika, akalala bila kuniaga. Asubuhi alikuwa ameshatoka, nikampigia hakupokea. Mchana nimepita maabara nikakuta amekaa na mkuu, mlango uko wazi, wanaondoa zile programu mashine moja baada ya nyingine. Hakuniangalia. Sijui ataambiwa nini. Nilitaka tu mjue.

Mshika Funguo

Asante kwa kurudi. Leo usimsemeshe sana. Atakapotaka kuongea, atakukuta chumbani.

Mgeni Kazini, karatasi za kwenye printa zigeuze kifudifudi kwenye trei moja, usizisome kumtafuta mwenyewe. Mwisho wa siku zilizobaki zipitishe kwenye mashine ya kukatia karatasi, au zichane vipande vidogo kwa mkono kama hamna. Usizitumie upande wa pili kuchapia. Nimewahi kuona matokeo ya vipimo vya mtu mgongoni mwa tangazo la michezo.

Kufunga. Tangaza nusu saa kabla, kwa sauti, halafu dakika kumi kabla pita kila meza. Usizime mashine yenye mtu, wala usizime umeme wa ukutani ili waelewe, nimeona watu wakifanya hivyo. Atakuwepo mmoja asiyeinuka, na karibu siku zote ni yule anayekusanya kazi saa sita kamili. Vuta kiti ukae kando yake. Muulize amebakiza nini. Mwambie ahifadhi sasa hivi, ajitumie nakala kwenye barua pepe yake mwenyewe, na msubiri wote wawili hadi muone imefika. Kisha mtoke pamoja, wewe nyuma, ufunge.